"Because", "since", "as", "for": dhana potofu na ukweli

Dhana: Yote manne maana yake ni "kwa sababu", chagua lolote.

Ukweli: Kazi zake si moja. "Because" hubeba sababu ambayo msikilizaji bado haijui, ndiyo maana swali la "Why?" hujibiwa kwa neno hilo. Ukiulizwa umechelewa kwa nini, ukajibu "Since the bus broke down", anayekusikiliza atabaki anasubiri umalizie sentensi. "Since" na "as" ni za sababu inayojulikana tayari, kama "kwa kuwa" na "maadamu" zetu, na hupenda kukaa mwanzoni: "Since you have the key, open the door." Jipime kwa kutanguliza "only". "Only because" hukubali. "Only since" haiwezi kutaja sababu.

Tena "as" na "since" hutaja wakati pia. "As she was cooking, I went out": ni alipokuwa akipika, au ni kwa kuwa alikuwa akipika? Penye utata huo, andika "because".

Dhana: "Because of" ni "because" iliyorefushwa.

Ukweli: Hapa Kiswahili kinatubeba. Husemi "kwa sababu ya mvua ilinyesha", basi usiandike "because of it rained". Hiyo "of" ndiyo "ya" yetu: hufuatwa na nomino, "because of the rain". Kukiwa na kiima na kitenzi, iondoe: "because it rained".

Dhana: Sentensi haianzi na "because".

Ukweli: Huanza vizuri kabisa, mradi kishazi kikuu kifuate baada ya mkato: "Because it rained, we stayed at home." Usiongeze "so" hapo kwa kufuata mazoea ya "kwa kuwa... basi", Kiingereza hutaka kiunganishi kimoja tu. Isiyoweza kutangulia ni "for". Kishazi chake huja baada ya jambo linaloelezwa, na siku hizi huonekana zaidi katika maandishi rasmi.

Dhana: Ukishatumia "because", maana haipotei.

Ukweli: Hupotea penye ukanushi. "I didn't marry him because he was rich": aliolewa naye au hakuolewa? Kama hakuolewa, anza na sababu: "Because he was rich, I didn't marry him." Kama aliolewa, hamisha "not": "I married him, but not because he was rich."