Kupiga muziki kwa mbali: yanayosemwa Kigoma na ukweli wake

"Korona haikutugusa wanamuziki wa Tanzania, sisi hatukufungiwa." Hili nalisikia sana vijiweni Mwanga na Ujiji. Ni kweli hatukufungiwa ndani kama majirani zetu wa Rwanda. Lakini Machi 17, 2020 serikali ilifunga shule na kuzuia mikusanyiko, matamasha ya muziki yakiwemo. Aliyekuwa akila kwa kupiga jukwaani alibaki na gita lake sebuleni. Wengi ndipo walipoanza kutengeneza nyimbo kwa mbali, na dhana nyingi potofu zimebaki toka wakati ule.

Inayoharibu kazi kuliko zote ni hii: "Ukiwa na bando zuri, mnapiga pamoja kwa simu ya video." Haiwezekani, na si kosa la bando. Hewani sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mpiga besi aliye mita tatu kutoka kwako unamsikia baada ya milisekunde 9 hivi, na sikio halishtuki. Ucheleweshaji ukivuka milisekunde 30 hivi, kila mmoja anaanza kumsubiri mwenzake na wimbo unazidi kupoa. Simu ya video mara nyingi hufika 100 na zaidi. Tena imetengenezwa kwa ajili ya maongezi: gita linalolia chini ya sauti ya mtu huweza kufutwa kama kelele. Programu kama Jamulus na JackTrip hupunguza tatizo, ila zinataka kompyuta, intaneti ya waya na wenzako wasiwe mbali mno.

Kinachowezekana ni kupokezana. Wa Kigoma anarekodi gita la ridhimu juu ya kliki, yaani mlio wa kuhesabu mwendo, tuseme mapigo 96 kwa dakika, anatuma. Mwenzake wa Tabora anavaa hedifoni, anaingiza besi, kisha anarudisha besi peke yake, bila ridhimu ndani yake. Faili lake lianzie sifuri sawa na la kwanza, hata kama besi inaingia kwenye kiitikio. Ule ukimya wa mwanzo usikatwe. Ukikatwa, anayechanganya atakesha akitafuta pa kuibandika. Patana naye pia kiwango cha sampuli, yaani mara ngapi kwa sekunde kifaa kinaipima sauti. Faili la 48,000 likisomwa kama la 44,100, mwendo unapungua na sauti inashuka zaidi ya nusu toni. Nimeona watu wakigombana na kulaumiana kwamba gita halikutyuniwa, kumbe ni hicho tu.

"WhatsApp inaua sauti." Inaua ukirekodi ujumbe wa sauti. Ukiambatisha faili kama dokumenti linafika lilivyo. WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, likiwa la stereo (njia mbili, kushoto na kulia) hula karibu megabaiti 10 kwa dakika, na la mono (njia moja) nusu yake, kwa hiyo besi itume mono uokoe bando.

Na studio? Simu inatosha kuanzia. Simamisha godoro nyuma ya mwimbaji, fungua kabati la nguo mbele yake, zima feni. Mvua ikianza kupiga bati, pumzikeni, maana hakuna programu itakayoitoa humo bila kuichubua sauti.

Lililobaki ni zito zaidi: "Wimbo wa kutumiana mafaili hauna roho." Naielewa hofu hii. Bendi kama Kiko Kids na Tabora Jazz zilikua kwa watu kutazamana usoni, na joto lile halitumwi kwa intaneti. Lakini mwaka 2003 kundi la The Postal Service la Marekani lilitoa albamu ambayo mmoja wao alikuwa Los Angeles na mwenzake Seattle, wakitumiana rekodi kwa posta, na watu wanaipenda hadi leo. Roho hufa pale unapomwandikia mwenzako kila noti. Mwombe apige mara mbili: mara ya kwanza ulivyoelekeza, ya pili anavyojisikia yeye, na usimkatize. Mimi karibu kila wimbo nimeishia kuchukua ile ya pili.