Softiboksi ni nini, na ipi inaifaa flashi ndogo?

Softiboksi ni boksi la kitambaa linalovishwa kwenye flashi. Ndani lina rangi ya fedha, mdomoni limefunikwa kitambaa cheupe. Wengi hudhani kitambaa hicho ndicho kinacholainisha mwanga. Sivyo. Chenyewe huutawanya tu mwanga ujae mdomo mzima. Kinacholainisha ni upana wa mdomo huo, ukilinganishwa na umbali wake kutoka kwa anayepigwa picha.

Tazama jua. Ni kubwa kupita kiasi, lakini kwa vile liko mbali, angani linaonekana kama sahani ndogo. Ndiyo maana saa sita mchana hapa Kampala, karibu kabisa na ikweta, macho ya watu hugeuka mashimo meusi chini ya nyusi. Likija wingu, vivuli hutoweka, maana sasa anga lote ndilo taa. Softiboksi ndilo hilo wingu lako.

Kichwa cha flashi ya kubebeka ni kidogo kuliko kiganja. Kikiachwa wazi, kivuli cha pua hukatika kama kwa wembe, na paji la uso lenye jasho hutoa doa jeupe. Kwenye ngozi zetu nyeusi doa hilo hujitokeza zaidi, na gomesi, yale magauni ya heshima ya wanawake wa Uganda, zinazometameta siku ya kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, huteseka vilevile. Mwanga mpana hulitandaza doa likawa mng'ao mtulivu unaolichora shavu. Huo ndio uzuri wa ngozi nyeusi, na inaniuma kuona mtu anaufuta kwa kompyuta akidhani ni kasoro.

Kwa hiyo isogeze karibu. Softiboksi ya sentimita 60 kwa 60 iweke kama sentimita 85 kutoka usoni, yaani urefu wake wa kona hadi kona. Ukiirudisha mita tatu, inakaribia kuwa flashi tupu tena.

Kwa mtu mmoja, kifua kwenda juu, 60 inatosha. Kwa maharusi wawili, tafuta 90 au zaidi. Ila kumbuka flashi ndogo haina nguvu nyingi: vitambaa hula mwanga, na umbali ukiongezeka mara mbili hubaki robo tu. Ya sentimita 120 juani, kwa flashi moja, ni kujichosha. Wapeleke watu kivulini mwa mwembe.

Mimi ningenunua ya pembe nane, sentimita 80 hadi 90, inayokunjwa kama mwavuli, kwa sababu lazima ipande boda na mimi. Iwe na kitambaa cha pili ndani, la sivyo mwanga utazidi katikati kuliko pembeni. Kishikio kiibane flashi kichwani, kisiuache uzito wote kwenye ule mguu wake mwembamba unaovunjika upesi. Na kwenye stendi ning'iniza mfuko wa mchanga: upepo wa ziwa pale Entebbe huikamata softiboksi kama tanga.