Jasi: Unga wa Dari, Saruji na Mguu Uliovunjika

Swali: Je, unga mweupe wa P.O.P (plasta ya Paris) wa kufungia mfupa uliovunjika hospitalini ndio huohuo wanaoutumia mafundi dari?

Asili yake ni moja. Jasi ni madini laini, yanayokwaruzika hata kwa ukucha, na kwetu kanda ya kati huchimbwa Itigi, mkoani Singida. Kikemia ni salfeti ya kalsiamu iliyoshikana na maji. Ikipashwa joto la nyuzi 150 hivi, hupoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa unga ambao ukilowanishwa tena hurudi kuwa jiwe. Viwanda vya saruji huisaga jasi pamoja na klinka (madonge ya mawe ya chokaa na udongo yaliyochomwa) ili saruji isigande upesi mikononi mwa fundi. Bandeji yenye unga huu ilianzishwa na daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, katika miaka ya 1850.

Swali: Kwa nini P.O.P huwa ya moto inapofungwa?

Unga unapogeuka jiwe hutoa joto. Tabaka jembamba la bandeji hupoa baada ya muda mfupi, lakini donge nene huunguza vibaya: mwaka 2007 nchini Uingereza, mwanafunzi aliyetumbukiza mikono katika unga huu uliokorogwa alipoteza karibu vidole vyote. Kwa hiyo majeruhi wa bodaboda asifungwe kwa unga wa fundi dari hata kidogo, hata kama hospitali iko mbali. Mguu utulizwe kwa vibao vilivyozungushiwa kitambaa, kisha apelekwe.

Swali: Nimefungwa hogo (bandeji ya P.O.P iliyogeuka jiwe) jana. Nirudi hospitali lini kabla ya tarehe niliyopangiwa?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote. Hogo halitanuki, ilhali mguu uliovunjika huendelea kuvimba katika siku mbili za mwanzo, na uvimbe usiopata nafasi huibana mishipa ya damu. Maumivu yakizidi licha ya dawa, hasa unaponyooshwa vidole, au vidole vikifa ganzi, vikawa baridi, vikapauka au vikashindwa kucheza, nenda usiku huohuo, kwa sababu misuli iliyokosa damu huanza kufa ndani ya saa chache. Nyumbani, uegemeze mguu juu ya mito, kisha ubonyeze ukucha mara kwa mara: ukiuachia, rangi yake irudi ndani ya sekunde 2 hivi.

Swali: Na muwasho?

Usichokoe kwa kijiti wala spoku, kwani kidonda cha ndani hakionekani hadi kitoe harufu. Usilianike hogo kwenye jiko la mkaa. Liache likauke lenyewe kwa siku mbili au tatu.