Chokaa yenye pH 2,30? Rudi kwenye hesabu

Hapa Lubumbashi malori ya asidi sulfuriki yanapita kila siku kuelekea viwanda vya migodi, ambako asidi inatoa shaba kwenye mawe. Asidi inayobaki inapunguzwa ukali kwa chokaa. Basi tuanze na chokaa hiyo: gramu 0,74 za Ca(OH)₂ katika lita 2 za maji, tafuta pH (yaani −log ya kiasi cha H⁺ katika lita; chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni besi).

Mole moja ya Ca(OH)₂ ina gramu 74, kwa hiyo tuna mole 0,01. Gawa kwa lita 2: 0,005 mol/L. Wengi wanakimbilia −log 0,005, wanapata 2,30, wanaandika pH. Chokaa kali kuliko siki! Makosa ni mawili. Kila Ca(OH)₂ ikiachana inatoa OH⁻ mbili, hivyo [OH⁻], yaani mole za OH⁻ katika lita, ni 0,01. Halafu log ya OH⁻ inatoa pOH, si pH. pOH ni 2, na pH ni 14 − 2 = 12. (Ile 14 ni ya nyuzi 25, maji yakipata moto inapungua.)

Asidi sulfuriki ya 0,05 mol/L shuleni inahesabiwa H⁺ mbili kamili: [H⁺] = 0,1, pH = 1. Kwenye Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari) andika hivyo. Kwa kweli H⁺ ya pili haitoki yote, na pH inakaribia 1,23.

Mashine ya kuhesabia nayo ina mtego. Kwa HCl (asidi hidrokloriki, inayoachana yote) ya 2×10⁻³ mol/L mtu anabonyeza 2, ×, 10, EXP, −3. EXP tayari imebeba «mara 10 kipeo», kwa hiyo mashine inasoma 0,02 na kukupa 1,70. Bonyeza 2 EXP −3 tu: 2,70. Kabla ya kugusa mashine, angalia: 2×10⁻³ iko kati ya 10⁻³ na 10⁻², basi pH lazima iwe kati ya 2 na 3.

Asidi dhaifu haiachani yote. Asidi asetiki 0,1 mol/L, pKa (namba inayoonyesha udhaifu wa asidi) 4,75: pH = ½(pKa − log 0,1) = ½(4,75 + 1) = 2,88.

Na HCl ya 10⁻⁸? Usiandike 8, asidi haigeuki besi kwa kuongezewa maji. Maji yenyewe yana H⁺ zake. Ukijumlisha 10⁻⁷ na 10⁻⁸ kavukavu unapata 6,96, lakini asidi inapunguza kidogo H⁺ zinazotoka kwenye maji. Mlinganyo wa daraja la pili unatoa 6,98.