Kupangiwa kata si kufeli, na mengine ninayoyasikia kila Januari

Mwezi wa kwanza huu nimeombwa uhamisho mara kumi na tisa, na mara kumi na nne sababu ilikuwa ile ile. Mzazi anaingia, anasalimia vizuri, anakaa. "Mwalimu, mwanangu kapangiwa hapa, lakini kwa kweli huyu si mtoto wa kata." Mtoto mwenyewe kasimama mlangoni na sare yenye mikunjo ya dukani, anasikiliza. Hajafundishwa hata kipindi kimoja, na tayari anajua mama yake anaionaje shule atakayokaa miaka minne.

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika sekondari ya kutwa ya serikali, yaani hizo mnazoziita shule za kata, upande huu wa Pugu kuelekea Chanika, Dar es Salaam, ambako nyumba nyingi zimehamiwa kabla ya plasta. Wazazi wetu ni makondakta, mama lishe, mafundi, askari, watu wa mnada wa ng'ombe, walimu wenzangu. Nawaheshimu. Ila yapo maneno ambayo nikiyasikia tena nitabeba madaftari nikasahihishie chini ya mwembe.

"Kapangiwa kata, kwa hiyo kafeli"

Aliyefeli darasa la saba hapangiwi sekondari ya serikali. Ukiliona jina la mwanao kwenye orodha ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopangia watoto shule, amefaulu, basi. Shule za bweni za vipaji, yaani akina Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na Tabora, zina vitanda vya kuhesabika na nchi nzima inavigombea. Wanaobaki, wakiwemo wenye alama nzuri sana, wanapelekwa shule ya kutwa iliyo karibu na kwao. Wazazi wenye umri wangu wanapaswa kuukumbuka msemo wa "kafaulu lakini hakuchaguliwa". Kila ukoo una mtu wa namna hiyo: alifaulu, nafasi hakuna, akabaki nyumbani. Shule za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2004, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), ili hali hiyo iishe.

Najua jina baya limetoka wapi. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalikuwa msiba: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri, ikaundwa tume, na Mei matokeo yakapangwa upya. Kayumba, jina la utani la shule za serikali, ikawa tusi. Lakini mtoto anayeingia leo hakuwa amezaliwa, au alikuwa mgongoni, na mzazi bado anaitolea hukumu shule kwa matokeo yale.

Halafu kuna hesabu za kwenye simu. Mzazi anafungua matokeo, anaona shule binafsi fulani nusu ya wanafunzi wana Daraja la Kwanza, kwetu asilimia kumi. Anafunga simu, anakuja kuomba barua. Sasa chukua mfano. Shule ya kwanza ina watahiniwa 40, nusu yao ni 20. Ya pili ina 300, asilimia kumi yao ni 30. Wenye Daraja la Kwanza wengi wako wapi? Na hao 40 waliingiaje? Walifanya mtihani wa kujiunga, wakachujwa. Wizara imeshakataza mara kadhaa kumkaririsha au kumwondoa mtoto kwa sababu ya wastani, lakini kila kidato cha tatu kinapoanza napokea watoto "waliohamishwa na wazazi" kutoka shule za aina hiyo, na ukitazama ripoti zao huhitaji kuuliza. Wale wataandikwa kwenye asilimia zetu. Sisi hatuchuji mtu. Anayekuja na jina lake tunampokea, awe anasoma kwa ufasaha au anaokoteza silabi.

Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora mwaka 2023. Wazazi wameendelea kutangaziana kwenye magrupu ya WhatsApp.

Sisemi kwamba kwetu hakuna tatizo. Lipo, ila haliko mahali ambapo mzazi ananyooshea kidole. Mimi nikitazama mtoto aliyeanguka kidato cha pili, nikirudisha daftari zake nyuma, mara nyingi namkuta ameangukia kidato cha kwanza, kati ya Februari na Juni. Lugha. Miaka saba amesoma kwa Kiswahili. Anajua usanisinuru ni nini, anaweza kukuchorea na mshale wa jua. Anajua kukokotoa mzingo wa duara. Januari inafika, karibu kila kitu kinageuka Kiingereza, na kozi ya utangulizi tunayompa ni ya wiki chache. Mtoto yule yule sasa ameduwaa mbele ya swali ambalo mwaka jana alikuwa analimaliza kabla ya wenzake. Hathubutu kuuliza, maana kuuliza nako ni kwa Kiingereza. Anajifunza kunakili ubaoni kwa mwandiko mzuri. Mama akifungua daftari nyumbani anaona limejaa, anaridhika.

Mtihani wa darasa la saba unafanyika Septemba. Kidato cha kwanza kinaanza Januari. Hiyo ni miezi zaidi ya mitatu mtoto yuko nyumbani, anauza karanga, anatazama katuni, au amelipiwa ile inayoitwa pre-fomu wani, ambako wanamfundisha mada za Fizikia kwa lugha asiyoielewa. Ushauri wangu, ambao wenzangu ofisini wameshachoka kuusikia: nunua daftari la kurasa 96 na kamusi. Maneno kumi kwa siku. Aliyaona wapi, maana yake, sentensi yake mwenyewe. Mzazi, hata kama Kiingereza hukijui, utahesabu: yamefika kumi au hayajafika? Unasaini. Ukiniletea daftari hilo Januari likiwa limejaa, nitalikumbuka jina la mwanao mpaka anamaliza.

Tatizo la pili ni njia. Mtoto kaamka saa kumi na nusu alfajiri, kasimama kituoni, makonda wanampita kwa sababu nauli yake ni shilingi 200 na kiti kile kitakaliwa na mtu mzima. Anafika kipindi cha pili, amelowa jasho, anasinzia cha nne. Masika ndiyo usiseme. Mto Msimbazi ambao watu wa mjini wanaujua Jangwani, mwanzo wake ni huku kwenye vilima vya Pugu, na vijito vyake vikijaa kuna watoto hawavuki. Sasa mzazi anayemhamisha mtoto kutoka shule ya dakika ishirini kwa miguu kwenda shule "nzuri" ya daladala mbili, amemnunulia mwanae nini? Waulize watoto wenu wanalala saa ngapi. Ni swali la bure na halihitaji barua ya uhamisho.

"Si elimu bila malipo? Vikao vya nini?"

Kilichofutwa kwa Waraka Na. 5 wa mwaka 2015 ni ada, ambayo kwa kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, pamoja na michango ya lazima. Sare, madaftari, nauli na matibabu vilibaki kwa mzazi, na vimeandikwa. Chakula cha mchana mnakubaliana wenyewe wazazi kikaoni. Usipokuja, wenzako watakubaliana bila wewe, halafu utakuja kunifokea mimi. Na kikao si cha pesa tu: mara ya mwisho ajenda ilikuwa mahudhurio. Wazazi waliokuja ni wale ambao watoto wao hawakosi.

"Divisheni foo ni sifuri iliyovaa suti"

Inachekesha, ila inaharibu watoto. Daraja la Nne ni pointi 26 hadi 33, daraja sifuri ni 34 na 35 (pointi chache ndiyo nzuri). Mwenye D nne kwenye masomo yasiyo ya dini anaweza kuomba kozi nyingi za astashahada, kutegemea masomo ambayo chuo kinayataka. Mwenye sifuri anarudi kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimeona kijana mwenye Daraja la Nne amekaa nyumbani miaka miwili kwa sababu baba yake alimwambia amefeli, na cheti kimefungiwa kabatini.

"Mchape tu Mwalimu, nimekuruhusu"

Ruhusa hiyo si yako. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Mimi sijateuliwa na sitaki kuteuliwa. Kama amekushinda nyumbani, njoo tukae watatu.

"Binti akishapata ujauzito, shule ndiyo basi"

Ilikuwa hivyo. Tangu Waraka Na. 2 wa mwaka 2021 anaruhusiwa kurudi baada ya kujifungua, kwenye mfumo rasmi, shule ile ile au nyingine. Ana muda wa miaka miwili. Wanaochelewa si kwa sababu ya sheria tena, ni kwa sababu hakuna mtu nyumbani aliyewaambia. Mama mmoja alinijia mjukuu akiwa na miaka mitatu.

"Bila twisheni hatoboi"

Anayesinzia darasani mchana atasinzia na twisheni jioni. Rudia hapo juu kwenye usingizi.

Kwa wale kumi na tisa, na wengine walioko njiani: sikatazi uhamisho. Utaratibu ni kwamba unaanza na shule unayokwenda, wakukubalie kwa maandishi kuwa nafasi ipo, ndipo uje kwetu. Napatikana kuanzia saa nane na nusu mchana, vipindi vikiisha. Mtoto mwache darasani, usije naye.