Dawa umeanza, kinga bado: miezi ya hatari kwa mwenye CD4 chini ya 200

"Dawa nameza vizuri, mbona bado naumwaumwa?" Hilo ni swali la kila wiki katika kliniki za tiba na matunzo huku Kigoma. Huulizwa na watu wenye VVU walioanza ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, wakiwa wamechelewa, na siku hizi zaidi na wale waliowahi kuanza, wakaacha, kisha wakarudi. Jibu lake ni kwamba ARV hufubaza virusi, hazijengi kinga. Kinga hujijenga yenyewe virusi vikishabanwa, na kazi hiyo huenda polepole.

Tuanze na hesabu. CD4 ni chembe za kinga zinazohesabiwa kwenye damu, na mtu mzima asiye na VVU kwa kawaida anazo kati ya 500 na 1,500. Zikishuka chini ya 200 tunasema ugonjwa umesonga mbele, hata kama mwenyewe anavuta nyavu na kubeba magunia. Mchanganyiko wa tenofovia, lamivudini na dolutegraviri, kile kidonge kimoja cha kila siku, hufubaza virusi haraka. Kwa wengi, ndani ya miezi mitatu kipimo cha wingi wa virusi huwa kimeshuka chini ya 50. CD4 zenyewe hupanda kwa wastani 50 hadi 150 tu mwaka wote wa kwanza. Kwa hiyo aliyeanza na 40 anaweza kumaliza mwaka bila kugusa 200, huku kadi yake ikiwa imeandikwa kwamba virusi havionekani. Majibu hayo ni ya kweli na yana maana kubwa: mtu huyo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Ila hayasemi lolote kuhusu uwezo wa mwili wake kupambana na kifua kikuu au fangasi wa ubongo.

Jambo la kwanza basi ni kuijua namba yako ya CD4. Tangu kipimo cha wingi wa virusi kienee, CD4 hupimwa mtu anapoanza dawa na mara nyingi huishia hapo. Aliyeacha dawa miezi kadhaa akarudi anapaswa kupimwa upya, na kama hakuna aliyemwambia, aulize. Hapa naomba nisisitize: ukirudi, sema ukweli kwamba uliacha. Ukisema hukuwahi kuruka hata siku moja, daktari akiona virusi vingi atafikiri dawa zimeshindwa, na utaanza kushughulikiwa kwa usugu ambao pengine huna, wakati ulichohitaji ni vipimo vya magonjwa nyemelezi, yale yanayovizia kinga ikishuka, siku hiyohiyo.

Magonjwa mawili ndiyo yanayotuulia watu wengi katika kundi hili: kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokokasi.

Kifua kikuu kwa mwenye kinga ndogo hakina adabu ya kikohozi cha wiki mbili chenye damu. Mapafu huharibiwa na mapambano ya kinga yenyewe dhidi ya bakteria, na kinga isipokuwepo, picha ya kifua inaweza kuonekana safi na makohozi yasiwe na vimelea vya kutosha kuonekana kwa darubini, huku ugonjwa umeshatapakaa kwenye tezi, tumboni, hata kwenye damu. Ndiyo maana tunauliza kikohozi cha muda wowote, homa, jasho la usiku na kupungua uzito, na ndiyo maana tunaomba mkojo. Kuna kipimo cha mkojo kinachotafuta chembechembe za bakteria wa TB: majibu hutoka baada ya dakika 25, na hufanya kazi vizuri zaidi CD4 zikiwa chini. Mkojo ukiwa na TB, matibabu yanaanza. Usipokuwa nayo, bado makohozi yanapelekwa kwenye mashine ya vinasaba, kwa kuwa mkojo safi hauondoi TB.

Ukianzishiwa dawa za TB, dolutegraviri inaongezwa. Rifampisini iliyomo kwenye dawa za TB hulifanya ini liivunje dolutegraviri haraka kuliko kawaida, kwa hiyo unapewa kidonge cha ziada cha miligramu 50 kumezwa saa 12 baada ya kile cha kawaida. Ukimeza kile kikubwa saa moja asubuhi, cha ziada ni saa moja usiku. Kosa la kawaida ni kukiona cha usiku kama marudio na kukiacha kopoani. Kosa la pili ni kukiacha siku ileile unapomaliza dawa za TB. Ini halirudi kawaida siku hiyo, kwa hiyo endelea nacho wiki mbili zaidi. Mkojo kuwa mwekundu ni rangi ya rifampisini, si damu. Na kwa kina mama: rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, basi ongeza kondomu.

Asiye na dalili za TB hupewa dawa ya kuikinga. Ni isoniazidi miligramu 300 kila siku kwa miezi sita pamoja na vitamini B6 ya kuzuia ganzi miguuni, au mchanganyiko wa isoniazidi na rifapentini unaomezwa mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Macho yakiwa ya njano, acha dawa hiyo ya kinga uende kliniki.

Kriptokokasi ni hatari kwa namna nyingine: huanza kimyakimya. Kichwa kinauma kila siku, kesho zaidi ya leo, kwa wiki moja au mbili. Shingo inaweza isikakamae kabisa. Huku kwetu malaria haiishi, kwa hiyo mgonjwa hutibiwa malaria mara ya kwanza, ya pili, kisha anaanza kuona vitu viwiliviwili au kuongea yasiyoeleweka. Uzuri ni kwamba dalili za fangasi huyu huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla ya kichwa kuanza, kwa kipimo cha tone la damu. Kila mwenye CD4 chini ya 200 anastahili kupimwa. Majibu yakionyesha yupo lakini huumwi kitu na maji ya uti wa mgongo ni safi, unatumia flukonazoli: miligramu 800 kwa siku wiki mbili, 400 kwa wiki nane, kisha 200 kila siku mpaka kliniki iseme inatosha.

Kuhusu sindano ya mgongoni inayotoa maji hayo: kuna imani iliyozagaa kwamba anayetolewa maji ya mgongo anapooza au hatoki hospitali. Sindano huchomwa chini kabisa ya mgongo, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia. Wengi wa wanaokufa kwa ugonjwa huu hufa kwa presha ya maji kichwani, ambayo fangasi huipandisha kwa kuziba njia za maji hayo, na kuyatoa, mara nyingi mililita 20 hadi 30 kwa mkupuo, ndiyo njia ya kuishusha. Mgonjwa aliyeingia akilia kichwa huweza kupata nafuu sindano ikiwa bado mgongoni. Kukataa sindano hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo hatari kubwa kuliko zote zilizotajwa kwenye makala haya.

Kuna jingine linalowachanganya ndugu. Mgonjwa akikutwa na homa hiyo ya uti wa mgongo, ARV husubirishwa wiki nne hadi sita. Siyo kunyimwa. Kinga ikiamka ghafla ikamkuta fangasi bado kajaa kwenye ubongo, mapambano yenyewe huvimbisha ubongo. Hali ya namna hiyo hutokea pia kwa TB iliyojificha: mtu anaanza ARV akiwa na nafuu, wiki ya pili hadi ya 12 tezi zinavimba, homa inarudi. Anaamua "dawa zimenikataa" na kuzitupa. Usizitupe. Nenda kliniki na dawa zako, kwa sababu mara nyingi ni dalili kwamba kinga imeanza kuona adui aliyekuwepo tangu mwanzo.

Septrini watu huidharau kwa kuwa ni ya bei ndogo na ipo kila duka. Kwa mwenye CD4 chini ya 200 ni dawa ya kila siku, miligramu 960, yaani vidonge viwili vya 480 mara moja kwa siku. Inazuia nimonia ya fangasi, toksoplasma (kimelea) ya ubongo, baadhi ya bakteria wa kuhara, na inapunguza malaria. Hiyo nimonia huja na kikohozi kikavu na pumzi kukatika ukipanda tu kutoka mwaloni hadi barabarani, huku kifua kikisikilizwa hakina kelele. Septrini haiachwi kwa sababu umenenepa. Huachwa kliniki ikiamua, kwa kuangalia CD4 na virusi. Vipele vyenye malengelenge, au midomo na macho kuchubuka, hiyo ni dharura: acha septrini na uende hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito anayeitumia asimeze vidonge vya SP vya kuzuia malaria vinavyotolewa kliniki ya wajawazito, kwa kuwa zote mbili zina salfa na madhara yake hujumlishana. Amwambie muuguzi.

Sasa dawa za dukani. Dolutegraviri hunatana na madini tumboni na isipite kwenda kwenye damu. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vinaweza kumezwa nayo pamoja na chakula. Tumbo likiwa tupu, meza ARV saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Dawa za kutuliza kiungulia zenye magnesiamu au alumini zitenganishwe kwa muda huohuo, uwe umekula au hujala. Mwenye kisukari anayetumia metformini asizidishe miligramu 1,000 kwa siku. Dawa mseto ya malaria haigombani na dolutegraviri. Diklofenaki, ile ya mgongo na viungo ambayo wavuvi hununua kama karanga, huongeza mzigo kwa figo ambazo tenofovia nayo inazigusa. Parasetamoli ni salama zaidi. Na mwenye homa ya ini B ajue kwamba tenofovia na lamivudini zinatibu virusi hivyo pia: akiacha ghafla, ugonjwa wa ini unaweza kulipuka upya.

Maji yanahitaji neno. Ziwa Tanganyika linaonekana safi kuliko bomba, na wengi huyanywa yalivyo, au huweka kidonge cha klorini. Klorini inaua kipindupindu vizuri. Haiui kriptosporidiamu, kimelea kinachomharisha mwenye kinga ndogo kwa wiki nyingi mpaka akakauka, na hakina dawa ya uhakika zaidi ya kinga kurudi. Kwa hiyo katika miezi hii maji yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja, yapoe kwenye chombo chenye kifuniko, yachotwe kwa kikombe chenye mpini. Chakula hakina siri: ugali wa muhogo pekee haujengi mwili, dagaa na maharage vinajenga, mawese yana vitamini A, mayai na nyama viive.

Homa kwa mtu huyu ipimwe malaria ndani ya saa 24, na kipimo kikiwa hasi isiitwe malaria. Kuna dalili nne ambazo ndugu wa nyumbani anaweza kuziona bila kifaa kikubwa: joto la 39 na kuendelea, mapigo ya moyo zaidi ya 120 kwa dakika, kupumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, na kushindwa kutembea bila kushikwa. Pumzi ihesabiwe mgonjwa akiwa ametulia, ukiangalia tumbo linavyopanda, dakika nzima kwa saa ya simu, bila kumwambia unachofanya, maana akijua ataibadilisha. Dalili moja tu inatosha kumpeleka hospitali usiku huohuo.

Kwa wavuvi na wenye safari, shida ni ratiba. Wenzako ambao hali yao imetulia hupewa dawa za miezi sita. Wewe mwenye CD4 ndogo bado unahitaji kuonekana karibukaribu, hivyo omba tarehe za kliniki ziangukie siku za mbalamwezi, ambapo dagaa hawavuliwi na boti zimelala. Anayeingia ziwani jioni amezee dawa asubuhi akishatia nanga. Dolutegraviri ya asubuhi pia husaidia wale inaowanyima usingizi. Ukisahau, meza ukikumbuka, isipokuwa zimebaki chini ya saa nne kufikia dozi inayofuata, na usimeze viwili kufidia. Kopo lisiwekwe karibu na injini wala kwenye jua. Kile kipakiti kidogo ndani yake kinanyonya unyevu, kibaki humo. Wanaotia pamba ili vidonge visilie mfukoni waiache, kwa kuwa pamba hushika unyevu wa ziwa na kuukalisha juu ya dawa.

Unapokwenda dago (kambi ya wavuvi) la mbali, Kalya au Buhingu, beba za safari na ziada ya wiki moja, maana upepo wa kusi ukikaza boti haitoki. Kadi yako ya kliniki ipige picha kwenye simu: namba iliyomo, jina la dawa na tarehe ya mwisho ya kuchukua ndivyo vitu ambavyo kituo kingine kitaviulizia kabla ya kukupa dawa za kukuvusha hadi urudi.