Sarafu mbili, muhuri mmoja? Yasemwayo barazani Lamu na ukweli wake

Mtu akitoa sarafu kuukuu barazani hapa Lamu, haikosi mwingine aseme, "Ya babu yangu ilikuwa hii hii, zimetoka muhuri mmoja." Muhuri hapa ni kile chombo kilichochongwa maandishi, cha kugongea sarafu. Huenda kweli. Ila mara nyingi watu hutazama pasipostahili.

"Zina umbo moja na uzito mmoja."
Umbo na uzito ni vya kipande cha madini, si vya muhuri. Fundi wa kale alikaza muhuri mmoja chini, akaweka juu yake kipande cha shaba au fedha, akashika muhuri wa pili kwa mkono, akagonga nyundo. Pigo likienda upande, maandishi yalikatika. Ndiyo maana sarafu mbili zisizofanana kwa nje zaweza kuwa ndugu wa tumbo moja.

"Jina ni la sultani yule yule."
Sarafu za shaba za Kilwa zenye jina la Ali bin al-Hasan ni nyingi sana. Mihuri ilichakaa na kupasuka, ikachongwa mingine, na mkono wa mchongaji haurudii kazi sawasawa. Kwa hiyo usisome jina, pima nafasi. Alifu na lamu (herufi, si mji wetu) zimeachana kiasi gani? Mkia wa nuni umeishia chini ya herufi ipi? Mimi huchagua alama tatu zilizo mbalimbali; moja tu ikikataa kukaa mahali pake, basi mihuri ni miwili.

Ukilinganisha kwa picha za simu, mwanga utoke upande ule ule. Kurunzi ikiwa kushoto kwa moja na kulia kwa nyingine, herufi ile ile huonekana nyembamba huku na nene kule.

"Hii ina mstari, ile haina, basi ni mbali mbali."
Pitisha ukucha. Mstari uliozama ni mkwaruzo wa sarafu yenyewe. Ulioinuka huenda ni ufa wa muhuri: madini yaliingia ufani, yakatoka yamevimba. Hapo umepata kitu, kwa sababu ufa haujizibi. Isiyo na mstari ilipigwa kwanza, yenye mstari ikafuata. Kwa sarafu za Kilwa zisizoandikwa mwaka, hiyo ni hazina.

"Upande mmoja ukilingana, na wa pili umelingana."
Muhuri wa juu ndio uliopokea nyundo, kwa kawaida ukafa mapema. Wa chini ukaoa tena, yaani ukapewa mwenzi mpya wa juu. Kila upande uchunguzwe peke yake. Hata hivyo, upande mmoja uliolingana huunganisha sarafu mbili, na hizo huunganishwa na nyingine, mpaka mnyororo mzima ukapatikana.

"Zikifanana kila kitu, ndizo za kweli."
Hapa ndipo wengi hutapeliwa. Muhuri mmoja hauzai mikwaruzo ile ile wala ukingo uliomeguka pale pale. Ukiviona vyote kwenye sarafu mbili, shuku kwamba angalau moja imesubiwa, yaani madini yamemiminwa yakiwa yameyeyuka, kwa kalibu iliyotokana na nyingine.

Na ile ya Kichina ya mfalme Yongle, iliyofukuliwa kisiwani Manda mwaka 2013, ile yenye tundu la mraba? Hiyo haikugongwa kabisa. Sarafu za aina yake zilisubiwa kwa kugandamiza sarafu mama, yaani ya mfano, mchangani, kwa hiyo muhuri wake usiutafute.